Ukuta wa Amplifaya Ngokolo

Nyumba ya Pantaleo na Generosa, pale Ngokolo mjini Shinyanga, ilikuwa na vyumba viwili, bati juu na saruji chini, na kwa mwaka ule wa hamsini na saba hiyo ilikuwa nyumba ya kumfanya mpita njia ageuze shingo. Lakini ukiingia ndani hukuona kiti. Uliona amplifaya tatu, makasha matatu ya magitaa, sanduku la saksafoni, sanduku la tarumbeta, ngoma ndani ya masanduku yao ya mbao, kreti la nyaya, na besi. Besi ni lile gitaa kubwa la kusimama. Lilikuwa refu kuliko mwenye nyumba, na lilivishwa blanketi kuukuu, kwa sababu seremala aliyeombwa kulitengenezea kasha alilipima juu mpaka chini, akacheka, akaenda zake. Mgeni akija alikaribishwa kukaa juu ya sanduku la ngoma, tena aambiwe akae polepole.

Mali yote hiyo ilikuwa ya Heri Moja Jazz, bendi ya vijana waliokuwa makarani siku za kazi na watu maarufu siku ya Jumamosi. Pantaleo mwenyewe alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, na katika bendi alipiga gitaa la kwanza. Zamani vyombo vilikaa kwa kiongozi wao, Eustace, mpiga saksafoni, mtu mwenye maneno mengi na nyumba ya udongo. Huko kuku aliingia ndani ya ngoma kubwa akataga, na hakuna aliyejua mpaka siku ya dansi, mayai sita yalipopigiwa rumba. Mchwa nao walikula kasha la gitaa likabaki rangi na lachi, vile vibanio vyake vya chuma. Siku hiyo Generosa aliwaangalia wanaume wazima wamekaa wakiliomboleza kasha, akawaambia vyombo viletwe kwake.

Generosa alikulia karibu na misheni, na utotoni aliwasaidia masista kupanga sakristia, chumba cha mavazi na vyombo vya misa. Huko ndiko alikopata ugonjwa wa kutaka kila kitu kiwe mahali pake, na haukumtoka tena. Amplifaya alizipandisha juu ya matofali, umbali wa kiganja kimoja kutoka ukutani, ili mchwa akipanda aonekane. Matofali aliyafunga matambara yaliyolowekwa mafuta ya taa. Kila kasha alilishonea uzi wake kwenye mkono, mwekundu kwa gitaa la kwanza, wa kijani kwa la pili, na kadhalika, na nyaya alizikunja kama mikanda ya mapadre. Juu ya amplifaya hakikuwekwa kikombe. Eustace aliwahi kuweka glasi yake ya maji hapo, na Generosa hakumgombeza hata kidogo. Aliichukua glasi, akayamwaga maji nje, akarudi akaitia glasi tupu kwenye mfuko wa koti la Eustace, akaendelea kufagia.

Kucheza dansi hakujua, kupiga chombo hakujua. Ungemuuliza gitaa linapigwaje, angekuambia kwamba kwanza hakikisha lachi zote mbili zimefungwa kabla ya kuliinua. Wanamuziki walimwogopa kuliko walivyomwogopa meneja wa ukumbi wowote, na hawakupoteza tena hata kifuniko.

Sasa mwanamke huyu alikuwa mjamzito, mimba ya miezi minane, na hapo ndipo utani wake wote uliishia. Miaka miwili nyuma alikuwa amejifungua ndani ya nyumba hiyohiyo, Pantaleo akiwa kazini, pamoja na jirani mmoja mwenye moyo mzuri asiyejua la kufanya. Mtoto alilia mara moja, kisha hakulia tena. Generosa hakulizungumza jambo hilo na mtu, ila safari hii alitaka kitu kimoja tu duniani: mama yake awe karibu. Desturi ingemtaka aende kujifungulia kwao Samuye, lakini mkunga wa hospitali alimkataza kabisa kwenda mbali na mji. Basi ikabidi mama ndiye aje.

Na mama kuja kwa mkwewe, kwa Wasukuma wa wakati ule, halikuwa jambo la kupanda basi na kushuka. Mama mkwe na mkwilima wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawashikani mikono, na wakikutana njiani mmoja huingia porini, hata kama pori lenyewe lina miiba. Neno likiwepo la kuambiana hupita kwa mtu wa tatu. Watu wa pwani waliokuja kufanya kazi mgodini Mwadui wakisikia hayo walicheka, lakini wao nao walikuwa na yao ya kuchekwa. Mageni, mama yake Generosa, alikuwa na mkwilima kwa mwaka wa nne, na sura yake alikuwa hajaiona. Alijua tu kwamba ni mrefu.

Akaja siku ya Jumanne, na kuku mmoja, kigoda kimoja na magunia matatu ya michembe, yaani viazi vilivyokatwa vikakaushwa, kana kwamba Ngokolo watu walikuwa wanakula nyasi. Aliingia kwa mlango wa mbele kutoka kwenye jua kali. Macho yake yalikuwa bado hayajazoea kivuli, na akaona pembeni mtu mrefu amejifunika blanketi, amesimama wima, anamtazama. Mageni alikuwa anajua mwanamume mmoja tu wa nyumba hiyo. Akatupa kuku, akajifunika uso kwa kanga, akatoka kinyumenyume mpaka akakaa chini nje, mgongo kwa mlango. Akasubiri huyo mtu angalau apishe. Mtu hakupisha.

Generosa alipotoka chumbani alimkuta mama yake ameielekea njia ya watu, anasema kwa hasira iliyotulia kwamba huyo mwenye nyumba hakufunzwa, kwamba kwao labda ni desturi kusimama mbele ya wakwe kama nguzo. Generosa alichungulia ndani, akaiona besi ndani ya blanketi lake, akacheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili. Akamweleza mama kwamba kile ni chombo cha muziki, hakina macho. Mageni alikwenda akakigusa kwa kidole, akarudi. Alikubali kwamba ni ubao. Lakini akauliza: leo ni ubao, kesho itakuwa yeye mwenyewe, na sebule ni moja, mimi nitapita wapi, na yeye atapita wapi? Aibu ya namna hiyo hakuizoea, akasema, na uzee huu hauwezi kuianza. Angelala kwa jirani, na Alhamisi angerudi Samuye kwa basi.

Kicheko kikamkauka Generosa mdomoni. Alijibwaga juu ya sanduku la ngoma, yeye aliyewaonya wengine wakae polepole, akaitazama sebule yake. Mlango wa mbele na mlango wa chumbani ilikuwa upande mmoja. Upande wa pili kulikuwa na mlango wa nyuma wa kwendea uani, jikoni na kisimani. Kilichokosekana ni ukuta katikati. Akatazama amplifaya, akatazama makasha, akainuka.

Jioni hiyohiyo Eustace na wenzake waliitwa, wakabeba, na Generosa akawaongoza kwa mwiko kwa sababu kuinama alikuwa hawezi. Amplifaya zote tatu chini, juu ya matofali yao. Kubwa kuliko zote, ambayo bendi iliiita Babu kwa uzito na kwa kukohoa kwake ikiwashwa, aliiweka mwisho, karibu na besi. Kisha likazuka swali la upande upi umwelekee mama. Mbele ya amplifaya kulikuwa na kitambaa kizuri cha kahawia. Nyuma kulikuwa wazi, nyaya na taa zake za kioo zote nje. Generosa aliamua mara moja kwamba huwezi kumpa mkwe mgongo ulio uchi, basi kitambaa kikaelekea kwa mama na matumbo yakamwelekea Pantaleo. Juu ya amplifaya masanduku ya ngoma, juu ya ngoma makasha ya magitaa kwa ubavu, juu kabisa saksafoni na tarumbeta. Besi ikasimamishwa mwisho kuziba upenyo wa shubiri mbili uliobaki. Generosa akafumba jicho moja, akachungulia kila ufa, na kila ulipopita mwanga alichomeka tambara. Eustace alisema kwamba katika maisha yake hajaona vyombo vya muziki vikiwekwa kwa adabu kiasi hicho, na akaambiwa achomeke tambara.

Mageni aliletwa kwa mlango wa nyuma. Alitembea mbele ya ukuta huo kutoka mwanzo mpaka mwisho, akausukuma kwa kiganja, haukutikisika. Akaweka kigoda chake chini. Generosa akajua kwamba mama amekaa.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ya kupitisha maneno. Watu watatu chini ya bati moja, kila mmoja akimsikia mwenzake hata akimeza mate, lakini Mageni alisema, "Mwambie huyo mwenye nyumba ugali uko tayari," na Generosa alilazimika kugeuka na kusema ugali uko tayari, na Pantaleo, aliyekwisha kunawa mikono tangu mara ya kwanza, alimwambia mkewe amwambie mayu ahsante, na Generosa akageuka tena. Mayu ndivyo Msukuma anavyomwita mama. Sahani nayo ilipaswa kuzunguka nyumba nzima: kutoka mlango wa nyuma, kupita uani, kupenya kwenye kijia cha ua wa minyaa ambacho mtu mmoja alipita kwa shida, mpaka mlango wa mbele. Generosa alifanya safari hizo na tumbo lake mbele. Alilalamika kila siku, na kila siku alifurahi, kwa sababu usiku akigeuka alisikia mama yake anakoroma upande wa pili wa magitaa. Wiki ya pili tumbo lilipozidi alihamia kwenye mkeka wa mama kabisa, na Pantaleo akabaki na kitanda na amplifaya.

Siku moja Generosa alikwenda kliniki. Mageni alikuwa uani anapepeta, na ndani, kwenye jiko la mkaa, chungu cha maharage kikaanza kuungua. Pantaleo alikuwa upande wake, na harufu ikamfikia. Kunyamaza ni chakula kupotea. Kusema ni kusema na mkwe. Akazunguka pale mara tatu, kisha akasimama mbele ya amplifaya kubwa akasema kwa sauti ya juu, akiitazama taa yake ya kioo:

"Babu, chungu kinaungua."

Kisha zikasikika ndala za haraka, chungu kikateremshwa, na baada ya muda mrefu sauti ya mwanamke ikasema kutoka upande wa kitambaa:

"Babu, tumesikia."

Kuanzia siku hiyo Babu akawa na kazi nyingi nyumbani kuliko aliyokuwa nayo kwenye dansi. Aliambiwa kwamba kuni zimekwisha, kwamba kesho kuna mvua, kwamba Generosa hali vizuri na labda huko sokoni kuna samaki. Generosa aliporudi kutoka kliniki na kumkuta mama yake anaongea na sanduku, alipangusa tu vumbi kwenye kitambaa cha Babu, kwa kuwa sasa alionekana na watu.

Alhamisi ya wiki ya tatu Eustace alikuja na habari, tena alikuja nayo mdomoni tangu barabarani. Heri Moja Jazz walikuwa wameitwa Mwadui. Dansi ya Jumamosi, ukumbi wa wafanyakazi wa mgodi, umeme wa kweli usiozimika, lori litakuja kuchukua vyombo asubuhi na kuvirudisha Jumatatu, wapigaji wenyewe wakirudi usiku uleule. Pantaleo alimshika mikono yote miwili. Bendi ilikuwa imeungoja mwaliko huo tangu ilipozaliwa. Walikuwa bado wanapongezana ndipo sauti ikatoka upande wa pili, taratibu, ikimwambia Babu kwamba kama Babu anasafiri Jumamosi, basi na mtu mwingine atasafiri Jumamosi, kwa basi la Samuye.

Eustace akatazama ukuta. Halafu akakumbuka kwamba ana shughuli nyumbani kwake.

Generosa hakulala vizuri. Hakuwa na hasira na mama; angekuwa yeye, angesema hivyohivyo. Wala hakutaka Pantaleo aikose Mwadui, maana alijua mwanamume anayebaki nyumbani kwa ajili yako atakubebesha jambo hilo mpaka uzee. Lakini alipofumba macho alisikia ule mlio mmoja wa mtoto na kimya kilichofuata, na aliogopa. Aliogopa hasa. Alimwomba Mungu, kisha, kwa kuwa alikuwa Generosa, akaanza kupanga.

Asubuhi ya Ijumaa alikuwa amepata. Watu wa Mwadui watacheza magitaa, akawaambia, hawatacheza makasha. Vyombo vitolewe vifungwe kwenye mablanketi na kanga, makasha yabaki matupu palepale yalipo. Masanduku ya ngoma nayo yabaki, na upenyo wa besi uzibwe kwa mkeka. Zikiondoka amplifaya tatu kule chini, yapo magunia matatu ya michembe, kimo chake ni hichohicho, tena uzito wake ni mzuri zaidi. Mama akienda kisimani, wanaume watainua vya juu, watabadilisha vya chini kimoja kimoja, na akirudi atakuta ukuta. Pantaleo aliguna kidogo juu ya kuipeleka saksafoni Mwadui imefungwa kanga ya maua. Mageni aliulizwa kupitia kwa Babu. Alikwenda akapima gunia kwa mikono, akapima amplifaya, akasema Babu amwambie mwenye nyumba kwamba mkewe ana akili.

Jumamosi saa mbili asubuhi lori likafika. Magitaa yakatoka nje yamevikwa kanga, ngoma zikatoka, na makasha yakarudishwa mahali pake matupu. Mageni alikuwa anatafuta ndoo yake. Generosa alisimama upande wa mama, akaelekeza kwa mwiko gunia lipi lianze, akainua mkono, na hapo maumivu yakamshika kiunoni yakamkunja. Mwiko ukaanguka. Maji yakamwagika miguuni, kwenye sakafu yake aliyoipangusa alfajiri.

"Mayu," alisema.

Mageni alimlaza kwenye mkeka, akamgusa tumbo, na uso wake ukabadilika. Maumivu yalikuwa yanafuatana upesi mno. Kutembea Generosa alikuwa hawezi, na kumbeba mtu kupitia kile kijia cha minyaa kulikuwa hakuwezekani. Lori lilikuwa nje, hatua kumi kutoka mlango wa mbele, na katikati ya mkeka na mlango wa mbele ulikuwa umesimama ukuta imara kuliko kuta zote za Ngokolo.

Mageni akapaza sauti. Alimwambia Babu awaambie wanaume wote watoke nje wageuze migongo, maana mwanawe hatatazamwa katika hali hiyo na mpiga saksafoni. Abaki mwenye nyumba peke yake.

Besi ikaondoka kwanza, ukabaki upenyo wa shubiri mbili. Mageni alijitandia kanga kichwani mpaka mdomoni, akainamisha macho, akaanza kuvuta makasha kutoka upande wake, na Pantaleo upande wake, naye kainamisha macho hivyohivyo, wakigongana kwa makasha kama watu wawili gizani. Generosa aliwasikiliza kutoka mkekani. Maumivu yakimwachia kidogo aliinua kichwa akawaambia wasivute kasha la uzi wa kijani kabla ya tarumbeta, wasiziegemee zile taa za kioo, wanaharibu. Kisha maumivu yalirudi akauma pindo la kanga.

Vya juu vikaisha; mwisho ule, pale penye upenyo, akabaki Babu peke yake kuziba njia. Amplifaya ile ilibebwa na wanaume wawili siku zote, kwa mikono miwili ya ngozi iliyopigiliwa kila ubavu, na Pantaleo akaivaa peke yake. Akaivuta. Ilikwama kwenye tofali, kitu cha kioo kikalia ndani, na Generosa akatoa sauti ambayo hakuna aliyejua kama ni ya uchungu wa mtoto au wa amplifaya. Pantaleo akavuta tena, miguu ikamteleza, akapiga magoti. Nje Eustace alipiga kelele akauliza kama aingie.

"Babu," Mageni akaanza, kwa ile sauti yao ya kila siku. Halafu akakatisha. Alimtazama mwanawe pale mkekani, meno yameuma pindo la kanga, macho yanamtazama yeye kama alivyokuwa akimtazama alipokuwa mtoto mwenye homa. Mageni akaishusha kanga yake kutoka kichwani, akaifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kulima, akaushika mkono wa ngozi wa upande wake, na kumtazama usoni yule mwanamume aliyepiga magoti.

"Mwanangu," alisema, "shika upande wako. Tuinue."

Pantaleo aliinua macho. Kwa mwaka wa nne huo alikuwa hajawahi kuitwa kitu chochote na mwanamke huyu. Akashika. Waliinua pamoja, vifua vyao vimeegemea sanduku moja, wakaenda nalo hatua tatu, wakaliweka chini polepole, mbali kidogo na ukuta, kama inavyotakiwa. Kisha yeye akapita, akamwinua mkewe, na Mageni akatangulia kufungua mlango.

Amplifaya hazikupanda lori mpaka lilipokwisha kutoka hospitalini na kurudi kuzichukua. Heri Moja Jazz walifika Mwadui wamechelewa kwa saa tatu, bila mpiga gitaa la kwanza, na Eustace alisimama mbele ya watu akaeleza sababu kwa urefu uliotosha nyimbo nne. Watu walipiga makofi, wakacheza hivyohivyo.

Mtoto alizaliwa saa sita mchana. Alilia. Generosa alingoja, pumzi ameishika, na mtoto akalia tena, akaendelea kulia kwa ukali wa mtu aliyeingizwa kwenye nyumba isiyo na kiti, na Generosa akamshika mkono mama yake akalia naye. Alikuwa msichana, akaitwa Justa. Nje ya wodi Pantaleo alikuwa ameketi kwenye ngazi. Mageni alitoka, kanga imekwisha rudi kichwani mpaka mdomoni, akapita pembeni akiitazama miti, na akamwomba mkunga ampelekee ujumbe baba wa mtoto: mtoto mzima, mama mzima, na kwa aibu iliyotokea asubuhi, mkwe kumtazama mkwe, mkwilima anadaiwa mbuzi wa kuifuta. Pantaleo alisema mbuzi atapatikana. Alisema hata kama ni ng'ombe.

Siku ya nne waliporudi nyumbani, vyombo vilikuwa vimerudi kutoka Mwadui na vimerundikwa hovyo sebuleni, kwa maana waliovirundika walikuwa wanaume. Generosa alilala kwenye mkeka wa mama na mtoto kifuani, na akaanza kuelekeza kwa kidole. Hakuna aliyeuliza kama ukuta unarudi. Ukuta ulirudi. Babu mahali pake, kitambaa kwa mama, ngoma juu, magitaa juu ya ngoma. Pantaleo alikuwa amelinyanyua sanduku la tarumbeta alipandishe kileleni, ndipo Mageni akamgeukia binti yake. Akanong'ona, lakini kwa mnong'ono wa kusikika mpaka barabarani.

"Mwambie Baba Justa hilo asiliweke. Aache nafasi ya mtoto kupita."

Generosa alitaka kupitisha neno hilo, lakini hapakuwa na haja. Upande wa pili sanduku lilikwisha shushwa, na juu ya ukuta likabaki pengo la kutosha mtoto na mikono miwili. Mageni alimchukua mjukuu wake kutoka kifuani pa mama, akamfunika vizuri, akausogelea ukuta, na huku yeye ameyainua macho yake kuyatazama mabati, akampitisha juu ya magitaa.

"Pokea," alisema, na akasubiri mpaka alipoihisi mikono mingine imemshika mtoto, ndipo akaachia.